Fishi ya Mama na kazi ninayoitaka



Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia egzame ya Serikali. Kila mutu anatuuliza: "Kisha utafanya nini?" Nyumbani Baba anajibu mbele yangu: "Huyu atakuwa munganga." Mimi nanyamaza. Leo nataka kujibu mwenyewe, na ninajua kama Baba atasoma.

Miaka mbili iliyopita Mama alishikwa na homa na maumivu ya mkojo. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya alikozoea kwenda. Wakatafuta fishi yake ndani ya makartoni, hakuna. "Imepotea, munune ingine." Tukanunua fishi mupya, haina kitu ila jina na umri. Kumbe juu ya ile ya zamani walikuwa wameandika kwa biki nyekundu kama Mama hawezi kumeza Baktrim, juu inamuvimbisha uso. Mama alikuwa anatetemeka, hakukumbuka kusema. Mimi nilijua. Lakini niliwaza: "Hawa ni waganga, wanajua kunishinda." Nikanyamaza. Wakamwandikia Baktrim. Usiku midomo ikavimba, pumzi ikawa taabu, tukakimbia naye lopitali juu ya pikipiki. Alipona, lakini ile usiku sijaisahau.

Likizo iliyopita nilienda kwa yaya wangu, ambaye ni muuguzi. Nilikaa siku tatu nikimwangalia akitumika. Mgonjwa mmoja anaandikwa ndani ya fishi, ndani ya rejista ya wagonjwa, ndani ya ile ya laboratware, tena ndani ya ile ya dawa. Mwisho wa mwezi yaya anahesabu yote kwa vijiti, moja moja, mpaka usiku, ili rapoti ifike kwenye biro ya zoni. Inchi yetu iko na zoni za afya 519, na hesabu zao zinaingizwa ndani ya programu yenye jina DHIS2. Inatengenezwa na Universite ya Oslo, kule Norvege, lakini mwanzo wake ulikuwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990. Hainunuliwi, ni ya bure.

Hapo nikaelewa jambo moja. Rapoti ile inasema malaria ilikuwa ngapi, watoto wangapi walichanjwa. Ni jambo kubwa, juu bila hesabu dawa zitatumwa wapi? Lakini rapoti ya mwezi haisemi kama mama fulani hawezi kumeza Baktrim. Hesabu zinapanda mpaka Kinshasa, lakini fishi ya mutu inabaki ndani ya kartoni. Kwa kazi ile kuna programu zingine, kama OpenMRS, iliyoanza mwaka 2004 na kutumiwa kule Eldoret, Kenya, kwa wagonjwa wa Ukimwi. Hapo ndipo ninataka kutumika.

Nilimwambia yaya mawazo yangu. Akacheka: "Kama utaniletea mashine ya kuniandikisha mara ya tano, nitaiweka chini ya meza!" Neno lile limekuwa mwalimu wangu. Basi nimepanga hivi:

Kwanza, kusoma informatiki kwenye universite, miaka tatu ya lisansi. Kwa hiyo sasa sikimbii tena hesabu wala Kiingereza, juu vitabu mingi vya programu viko katika luga ile.

Pili, kila likizo nikae karibu na wauguzi, mbele ya kuandika programu yoyote.

Tatu, kujifunza kutengeneza programu inayotumika hata kama umeme umekatika na rezo hakuna: inaweka habari ndani ya telefone, kisha inatuma rezo ikirudi.

Ine, kulinda siri. Fishi ya kartoni inasomwa na mutu mmoja. Ile ya mashine inaweza kusomwa na watu mia kama haifungwi vizuri.

Baba anasema: "Ordinatere haiponyeshi mutu." Ni kweli, Baba. Hata biki nyekundu haiponyeshi mutu. Lakini siku maandiko yake yalipopotea, tuliona wote. Tena najua mashine haitasema kitu ambacho hakuna mutu aliyekiandika. Kwa hiyo sikatai kazi ya munganga kwa dharau. Ninataka munganga asiandike dawa kama kipofu.

Wenzangu, mukimpeleka mgonjwa na munajua dawa inayomuzuru, musiogope koti nyeupe, museme. Mimi nilinyamaza mara moja mbele ya waganga. Mbele ya Baba sikutaka kunyamaza tena.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita