Mkono wa Ami

Mwaka 1970 mhandisi wa Kijapani, Masahiro Mori, aliandika kwamba kadiri roboti anavyofanana na binaadamu (nimempa ngeli ya watu, mhariri akitaka atanisahihisha) ndivyo tunavyompenda, lakini akikaribia mno, akabakiwa na kasoro chache, mapenzi yetu hutumbukia bondeni. Bonde hilo aliliita la bukimi.

Neno hilo limenikalisha siku tatu nikiifasiri makala yake kutoka Kiingereza. Kitisho silo: simba hutisha, wala hana bukimi. Kinyaa ni cha tumbo. Hii ni ile hali ya mwili kusisimka kwa kitu ambacho jicho limekikubali na kiganja kimekikataa.

Mori ametoa mfano wa mkono wa bandia: waonekana wa kweli, ukiushika ni baridi, hauna mfupa. Mkono huo naujua. Ami alirudi nao kutoka hospitali nikiwa na miaka saba. Nilimwamkia, nikainama kuubusu, nikauachia ghafla mbele ya wageni. Hakunena kitu. Tangu siku ile, yeye aliyetufunza kwamba mkono wa kushoto haupewi mtu, mimi akawa ananipa wa kushoto.

Mori awashauri waundaji wa roboti wasiukimbilie ufanano kamili. Ausifu mkono wa mbao uliochongwa na fundi wa sanamu za Buddha, usiomsisimua mtu mwili. Labda. Lakini mchoro wake hauhesabu siku. Ilipofika Ramadhani, katika giza la njia ya kwenda tarawehe, niliushika ule wa kulia hadi mlangoni mwa msikiti. Nadhani ami hakujua. Mkono ule haukuwa na hisia.