Mashine Haikuwa Takataka

Kompyuta ikizima kabisa, angalau unajua imezima. Ile inauma ni kuganda. Picha iko hapo, mshale hausongi, saa ya kwa kona imesimama 4:17, na una video ya harusi ya mtu inatakiwa kesho asubuhi. Unabonyeza kila kitu. Zii. Unashikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime, halafu unaanza upya ukiomba Mungu.

Hiyo ilikuwa maisha yangu hapa Kitengela kwa karibu miezi miwili.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Kile sijawahi kusema ni vile hii mashine ilipatikana. Mathe alikopa kwa chama, tukaenda naye tao Nairobi, tukanunua kompyuta ya mezani, zile za ex-UK, kwa 28,000. Akaniambia tu, "Sasa hii ndiyo shule yako." Kwa hivyo kila ikiganda nilikuwa naskia kama ni mimi nimefeli tena.

Nikaanza kubahatisha. Video moja ilisema ni RAM, nikanunua nyingine 3,500. Ikatulia siku mbili, nikajiita fundi. Siku ya tatu ikaganda. Nikafuta Windows nikaweka upya, na kwa haraka zangu nikafuta pia klipu za mteja ambazo sikuwa nimehifadhi mahali pengine. Nikaifungua. Si mnajua vumbi ya huku, malori na mijengo kila upande? Feni ilikuwa imevaa blanketi. Nikasafisha, nikapaka pesti mpya kwa prosesa, joto likashuka mpaka nyuzi 58. Ikaganda ikiwa na nyuzi hizo hizo 58. Basi joto halikuwa shida.

Nikaingia kwa kumbukumbu za Windows, nikapata kosa limeandikwa Kernel-Power 41. Nikashangilia, nimemshika mwizi! Wapi. Hiyo 41 inasema tu kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa vizuri. Na nani alikuwa anaizima vibaya? Ni mimi, na hicho kitufe.

Mteja wa harusi akaenda kwa msee mwingine. Jioni hiyo nikampigia mathe nikamwambia kitu bado kinaniuma nikikumbuka: "Uliuziwa takataka."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Ilete nyumbani niione."

Nyumbani ni Kajiado mjini. Nikaifunga kwa shuka, nikapanda matatu, nikailipia kiti chake. Njia yote kupita Isinya nilikuwa napanga vile nitamwonyesha ikiganda mbele yake.

Haikuganda. Siku tatu. Nilihariri mchana, usiku nikaiacha ikitoa video mpaka asubuhi. Mathe alikuwa akipita na chai anauliza, "Imeganda?" Nikakasirika, kusema ukweli. Nilitaka iharibike.

Usiku wa tatu ndiyo nilifikiria kwa mara ya kwanza. Mashine ni ile ile, RAM ile ile, Windows ile ile. Kimebadilika nini? Stima, soketi, na waya. Mbona sikuwa nimewahi kuuliza hivyo? Kwa sababu kununua kitu kunafanana sana na kutatua shida. Unatoa doo, unaskia umefanya kazi.

Nikarudi Kitengela na daftari. Sheria moja: nibadilishe kitu kimoja tu, halafu ningoje. Ikiganda, niandike siku na saa. Kwanza nikabadilisha waya wa stima. Ikaganda. Lakini baada ya wiki mbili daftari ikaanza kuongea: karibu kila mara ni kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, na Jumapili hakuna hata moja.

Nani kwa hii ploti anafanya kazi mchana na Jumapili hayuko? Jamaa wa kuchomelea mageti, chini kabisa.

Fundi wa simu jirani akaja na mita yake. (Kama hujui hiyo kazi, usitie mkono kwa soketi. Ita fundi.) Stima yetu Kenya inafaa kuwa volti 240. Kwa ukuta tulipata 236. Jamaa akianza kuchomelea, 205. Kwa ekstensheni yangu, 170 na kitu. Tukaifungua: ndani chuma imeungua, imelegea, nyeusi tii.

Ndani ya kompyuta kuna kiboksi cha pawa. Kazi yake ni kugeuza hiyo stima ya ukuta kuwa volti ndogo ambazo vifaa vinatumia: 12, 5 na 3.3. Stima ikishuka ghafla, kiboksi kilichozeeka kinaweza kuyumba, na mashine inachanganyikiwa katikati ya kazi. Skrini yangu ilikuwa kwa soketi nyingine.

Nikatupa ekstensheni, nikachomeka kwa ukuta. Wiki hiyo ikaganda mara moja tu. Nikanunua kifaa cha kusawazisha volti, 4,500. Sai ni mwezi wa nne, hakuna kuganda.

Kama yako inaganda, kabla ya kutoa hata mia: hifadhi kazi yako mahali pengine, andika saa, halafu ihamishie kwa beste siku mbili. Ikitulia huko, shida inaweza kuwa kwako.

Nilimpigia mathe. "Haikuwa takataka. Pole kwa vile nilisema."

"Najua haikuwa," akasema. "Siku ile dukani niliwaambia waiwashe nikaiangalia saa nzima. Wewe ulikuwa kwa simu."