Laki Tisa na Kompyuta ya Gemu

Mwanafunzi wa ualimu anayenunua kompyuta ya gemu lazima ajieleze. Ukinunua simu ya laki nane hakuna anayekuuliza. Ukinunua wigi la laki mbili watakuuliza umelipata chimbo gani. Lakini sema umeweka akiba miezi 14 ili ucheze gemu, tena wewe ni binti, tena uko mwaka wa tatu, tena unasoma kwa mkopo wa Bodi, uone kila mtu anavyogeuka kuwa mlezi wako. Nimeshajieleza kwa wenzangu wa gheto, kwa mama, na kwa winga mmoja wa Kariakoo. Hapa najieleza kwa mara ya mwisho, na humo humo nitaeleza nilivyochagua vifaa, maana wanaoniuliza "ulifanyaje" sasa ni wengi kuliko wanaonisema.

Tuanze na pesa. Haikuwa bumu. Bumu lina wenyewe: kodi, chakula, kutoa kopi, na nauli ya fildi. Hii ilikuwa pesa ya twisheni. Tangu mwaka wa pili nafundisha hesabu na fizikia watoto wanne wa nyumba mbili pale Sinza, jioni tatu kwa wiki, elfu thelathini kwa mtoto kwa mwezi. Baada ya miezi 14 nilikuwa nimebakiwa na milioni moja na laki mbili. Laki tatu nikazituma nyumbani Kilosa siku ile ile, za mdogo wangu aliyekuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Zikabaki laki tisa.

Nikampigia mama.

"Hiyo kompyuta ni ya kusomea, mwanangu?"

"Ya kusomea na ya kuchezea, mama."

"Kuchezea nini?"

"Gemu. Mpira, malori, vitu kama hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Na bati za jiko?"

Jiko letu la uani limeezekwa bati zilizoliwa na kutu. Masika mama anapika huku amesogeza jiko la mkaa pembeni, ndoo ikiwa katikati inakinga matone. Nikamwambia bati nitaanza kuziwekea kwenye twisheni ya Januari.

"Haya," akasema. "Jasho ni lako."

Kila aliyelelewa na mama wa Kiswahili anajua "haya" ina maana ngapi.

Ningeweza kumwambia ni ya kusomea tu. Angenipa baraka zote na dua juu. Wengi wetu tunafanya hivyo: laptopu inaombwa nyumbani kwa jina la asaimenti, ikifika Mabibo inawekwa mpira usiku kucha. Sikutaka. Nina miaka 22, nafanya kazi, nasoma, namsaidia mdogo wangu, na napenda gemu tangu nilipokuwa nalipa shilingi 500 kwa mechi kwenye kibanda cha mtaani, msichana peke yangu katikati ya wavulana kumi. Nikaona bora mama ajue pesa inakwenda wapi, hata kama hakufurahi. Ila ukweli huo ulikuwa na gharama yake: laki tisa ikawa dari kwelikweli. Kama bati zinasubiri, basi hakuna cha "niongeze elfu hamsini tu". Hata shilingi isingezidi.

Ndipo nikaanza kuchagua. Kosa linalowagharimu watu wengi ni kuuliza "kompyuta gani kali?" kabla ya kujiuliza "nataka kucheza nini?" Mimi niliandika gemu tatu kwenye karatasi: EA Sports FC 24, GTA V na Euro Truck Simulator 2. Kila gemu hutaja mahitaji yake ya chini. FC 24, ambayo ndiyo nzito kati ya hizo, inataka RAM ya GB 8, kadi ya picha ya daraja la GTX 1050 Ti yenye GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. GTA V ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, na ile ya malori ni ya 2012. Basi nilijua ninachotafuta. Kununua zaidi ya hapo ni kulipia sifa.

Mwenzangu wa gheto akasema si ununue PS4 ya mtumba umalize? Ana hoja. Kama unachotaka ni mpira tu na marafiki sebuleni, nunua PS4, usisumbuke na makala hii. Mimi nilitaka mashine ambayo usiku wa pili naandalia azimio la kazi na kuandikia utafiti. Laptopu za gemu nazo zilikuwa juu ya dari yangu, na laptopu ikichoka kadi ya picha huibadilishi. Nikapiga hesabu ya kuunda kompyuta mpya kabisa kwa prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina picha yake humo humo ndani na haihitaji kadi. Ni wazo zuri, lakini ukijumlisha madabodi, RAM, kasha na pawa saplai, vyote vipya, bila hata skrini, laki tisa imekwisha. Ukiifuata njia hiyo, kumbuka jambo moja: prosesa ya namna hiyo inaazima RAM ya kompyuta kwa ajili ya picha, kwa hiyo weka vijiti viwili vya GB 8, usiweke kimoja cha GB 16. Vijiti viwili vinafanya kazi sambamba na tofauti utaiona kwenye gemu.

Njia niliyoichukua ni ya kimaskini na ni nzuri: kompyuta ya ofisi ya mtumba, kisha unaichomekea kadi ya picha. Makampuni na ofisi za ng'ambo hubadilisha mashine zao, nazo huletwa huku kwa wingi: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ziliundwa kukaa ofisini miaka na hazina makuu. Ila zina masharti yake.

Sharti la kwanza ni kizazi cha prosesa. Winga atakwambia "hii ni Core i5" kana kwamba i5 ni moja. Core i5-6500 ni ya mwaka 2015 na ina viini 4. Core i5-8500 ni ya 2018 na ina viini 6. Kibaya zaidi, Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na Windows 10 ilikuwa inakatiwa huduma Oktoba 14, 2025. Mimi nilinunua Septemba. Tofauti ya bei haikufika laki moja na nusu, nikachukua ya kizazi cha nane.

Sharti la pili ni umeme wa ndani, na hapa ndipo wengi wanaumia. Mashine hizi za ofisi huwa na pawa saplai ndogo, nyingine wati 200 tu, na plagi zake si za kawaida. Huwezi kwenda dukani ukachukua saplai yoyote ukabadilisha. Nyingi pia hazina waya wa ziada wa kulishia kadi ya picha. Kwa hiyo kadi inategemea umeme wa sloti yenyewe, ambao mwisho wake ni wati 75. RX 580, ambayo utaambiwa ni kali na bei yake inavutia, inakula kama wati 185 na inahitaji waya wake. Haikufai hata ukipewa bure.

Sharti la tatu ni umbo. Yale makasha membamba hayapokei kadi ndefu. Unahitaji kadi fupi yenye bati fupi la nyuma. Ukiunganisha masharti mawili hayo, yaani wati 75 na umbo fupi, orodha inakuwa ya majina machache: GTX 1050 Ti, GTX 1650 na RX 6400. Hii ya mwisho inakula wati 53 tu, lakini inatumia njia 4 tu za data, na kwenye madabodi ya zamani inapoteza kasi. Nikaamua: GTX 1650 fupi, GB 4.

Sasa Kariakoo. Nilishuka Mwendokasi saa nne asubuhi na karatasi yangu. Winga alinidaka kabla sijavuka barabara. "Dada'angu, unatafuta nini, nikupeleke chimbo." Nikamsomea karatasi. Akacheka, "Ticha, mbona umekuja na somo kabisa?" Alinizungusha maduka matatu. Kwenye la pili akanionyesha mashine ya i7, kasha la kioo, feni zinawaka rangi kama harusi ya uswahilini, milioni moja na laki mbili na nusu. "Lipa laki tisa leo, nyingine utamalizia taratibu. Mwalimu huwezi kunidhulumu."

Nitasema ukweli, ile mashine ilikuwa nzuri, na taa zile niliziangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Lakini laki tatu na nusu ni miezi mitatu ya twisheni, na miezi hiyo ilikuwa na jina la bati juu yake. Nikamwambia, "Kaka, nina laki tisa na ni ya vitu vyote, mpaka skrini." Akaona siyumbi, tukaendelea.

Kabla ya kulipa nilifanya mambo mawili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenye flashi nilibeba programu tatu za bure. GPU-Z inasoma kadi ya picha na kukwambia ni nini hasa, kwa sababu ziko kadi za kale zilizobandikwa jina jipya ndani ya programu yake: kompyuta inakusomea GTX 1050 Ti kumbe ni kadi ya miaka mingi kabla yake. GPU-Z ikiigundua inaandika neno FAKE wazi. CrystalDiskInfo inaonyesha afya ya diski. Unigine Heaven unaiacha icheze dakika 15 huku unatazama joto na kusikiliza feni. Jambo la pili ni kukaa. Nilikaa kwenye stuli dakika hizo 15 bila haya, muuzaji anahudumia wengine. Muuzaji mwenye kitu kizima hakatai. Kwenye duka la kwanza walikataa, nikaondoka.

Hesabu ilikaa hivi. HP EliteDesk 800 G4 nyembamba, i5-8500, RAM GB 8, SSD ya GB 256, na kibodi na mausi nikaongezewa: 415,000. GTX 1650 fupi ya mtumba: 310,000. Kijiti cha pili cha RAM GB 8: 45,000. Skrini ya mtumba ya inchi 22: 95,000. TV gadi: 25,000. Jumla 890,000. Elfu kumi iliyobaki ikawa nauli, chipsi mayai na soda baridi.

Usiidharau hiyo TV gadi. Umeme wa mitaa yetu unakatika na kurudi kwa hasira, na ni kifaa cha elfu ishirini na tano kinacholinda vitu vya laki nane na ushee. Vilevile kasha jembamba linataka hewa. Kwa joto la Dar na vumbi la Changanyikiwa, usiliweke chini sakafuni wala usilibane ukutani, na kila mwezi lifungue ulipulizie.

Kuhusu bando: gemu ya GB 100 huwezi kuishusha kwa bando la chuo ukabaki na akili timamu. Steam inaruhusu kuhamisha mafaili ya gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mmoja, bila kula bando, mradi wewe nawe umeinunua. Tafuta mwenzako mwenye gemu hiyo, umnunulie soda.

Inachezaje? FC 24 inakwenda fremu 60 kwa sekunde nikiweka picha za kati. GTA V haina shida. Malori ndiyo kabisa. Diski ya GB 256 inajaa haraka, kwa hiyo nina gemu moja nzito kwa wakati mmoja. Nikitaka nyingine, ya kwanza inatoka. Hilo nalijua tangu siku ya karatasi na sina kinyongo nalo. Utafiti wangu nao nimeuandikia hapo hapo, na wale watoto wa Sinza niliwachorea grafu zao kwenye skrini hiyo hiyo.

Mdogo wangu alipomaliza mtihani alikuja kunitembelea wiki moja. Alicheza mpaka macho yakawa mekundu. Siku ya kuondoka alimpigia mama akamsimulia kila kitu, mpaka rangi ya lori nililokuwa naendesha. Mama akaomba simu nipewe. Nilidhani ataniuliza habari za bati. Akaniuliza, "Hivi na wewe unamfunga au anakufunga?"

"Namfunga, mama."

"Haya."

Ile "haya" ilikuwa nyingine kabisa. Bati tano ziko tayari, bado saba, na masika hayajafika.

Kwa hiyo msiniulize tena kama inafaa mwalimu mtarajiwa kuwa na kompyuta ya gemu. Niulizeni habari za wati. Nikiwa na nafasi Jumamosi naweza kukusindikiza Kariakoo na flashi yangu. Nauli yako ujilipie, na karatasi uje umeshaiandika.