Shemeji wa Mnarani

Huku kwetu Kwedizinga ukisimamishwa mnara wa simu, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Bibi akiumwa kichwa, mnara. Mbuzi akitupa mimba, mnara. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikarudi kulima mahindi, huku naandika riwaya isiyokwisha, maneno hayo nilikuwa nayaokota tu, yatanifaa sura ya tano. Mpaka dada yangu alipoolewa na fundi wa minara.

Shemeji ndiye anayeitwa mtandao ukisumbua, kuanzia Korogwe hadi Mkata. Hujifunga mkanda, akapanda juu huko na spana kiunoni. Dada kasikia habari za kansa, usingizi umemwisha. "Wewe uliyesoma, mwambie shemeji yako aache." Basi nikasoma.

Mawimbi ya redio hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei. Kazi yake ni kupasha nyama joto, kama jiko la maikrowevu linavyopasha kiporo. Dhara lililothibitishwa ni hilo joto, hata kuungua. Na antena humwaga mawimbi yake mbele kama mtu aliyeshika tochi, si chini miguuni mwa mnara. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Kwa hiyo bibi na mbuzi wake walale salama. Wa kuulizwa hali ni yule anayepita usoni mwa antena iliyowashwa, na huyo hakuna anayemuuliza ila mkewe.

Na kansa? Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, kule Lyon, Ufaransa, liliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani, ushahidi ni mdogo. Achari za mboga za Asia nazo zimo kundi hilo hilo! Mwaka 2018 Wamarekani walitangaza habari za panya waliomulikwa kama saa tisa kwa siku, miaka miwili: madume wakapata uvimbe wa moyo. Lakini madume hao hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiomulikwa. Mwaka huo huo ukatoka utafiti wa wafanyakazi wa nchi saba juu ya uvimbe wa ubongo, nao haukuona ushahidi ulio wazi. Hata askari wa rada wa Ujerumani walioumwa kansa, tume yao ya mwaka 2003 iliinyooshea kidole eksirei iliyokuwa ikivuja kwenye mitambo.

Nilimsomea shemeji yote hayo jioni moja. Akacheka. "Shemeji, mimi naogopa kuanguka bwana. Kansa ni ya kesho kutwa."

Lakini kuna jambo moja halikumchekesha. Miongozo ya kimataifa inamruhusu mfanyakazi kupigwa na mionzi mara tano ya ile anayoruhusiwa mpita njia. Kwa nini? Kwa sababu mfanyakazi anahesabiwa kuwa amefundishwa, anajua hatari ilipo na namna ya kujikinga. Nikamuuliza, "Wewe ulifundishwa?"

"Nilifundishwa kufunga mkanda."

"Kidude cha kupimia mionzi?"

"Sijawahi kukishika."

"Wanazima antena kabla hujapanda?"

Akawasha sigara kwanza. Ukizima, akasema, simu inalia papo hapo, nani kakata mtandao? Naye ni kibarua wa kibarua, hana mkataba, anayempa kazi leo kesho anampa mwingine. Sasa niambie msomaji, huyu kabebeshwa mara tano kwa elimu ipi? Mimi ningekuwa yeye ningeomba hicho kidude kabla ya kuomba nyongeza, lakini mimi si yeye, na sina mtoto wa kunyonyesha uji.

Dada nilimpa majibu jinsi yalivyo: kansa haijathibitishwa, joto limethibitishwa, azimiwe antena ndipo apande. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa nani atawaambia hao wa kuzima?"

Juzi usiku shemeji aliitwa tena. Dada alimfungia viazi, akamshika mkono wa shati, akamwambia awaulize. Alisema atawauliza.