Kutoka Miritini hadi Nairobi: Safari ya Tiba Isiyosimuliwa



Ukurasa huu umezoea kuwapeleka wasomaji Lamu wakati wa Maulidi, Pate penye magofu, na Vanga mpakani. Juma hili twawapeleka katika safari ambayo akina mama wa pwani huifanya mara nyingi na kuisimulia mara chache: safari ya kwenda bara kutafuta tiba ya vivimbe vya kizazi, ambavyo madaktari huviita faibroidi. Tulikuwa wanne, sote wa darsa moja katika Mji wa Kale wa Mombasa. Wawili wagonjwa na wawili wasindikizaji. Wagonjwa wenyewe wameturidhia tuandike, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe.

Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 44, mama wa watoto wanne. Kwa miaka mitatu hedhi yake ilikuwa imepoteza hesabu. Damu ilimtoka siku 20, ikasita siku chache, kisha ikarudi. Alilalia leso zilizokunjwa mara nne, na alikuwa amepungukiwa damu hata hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kuketi njiani. Wazee walisema ni chango, wakamchemshia mizizi. Katika hospitali moja aliambiwa neno moja tu, kwamba kizazi kitolewe. Alipouliza kama kuna njia nyingine, alijibiwa kwamba kwa umri wake hana haja nacho tena. Jibu hilo, alituambia, lilimuuma kuliko maradhi yenyewe.

Mdogo alikuwa na miaka 31, ameolewa miaka miwili nyuma na hajajaaliwa mtoto. Mavyaa yake alikuwa ameanza kuuliza maswali. Aliposikia kwa mwenzake kwamba Nairobi kuna tiba ya vivimbe isiyohitaji kupasuliwa tumbo, aliuza bangili zake mbili za dhahabu akaungana nasi.

Treni ya asubuhi huondoka Miritini saa mbili. Minazi hutusindikiza kitambo kidogo, kisha huacha nafasi kwa mibuyu. Baada ya Mariakani na Miasenyi nyika hutanda pande zote. Kufikia Voi ardhi imekuwa nyekundu, na tembo wa Tsavo, waliojimwagia vumbi, huonekana wekundu kama udongo wenyewe. Reli hupanda polepole kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Msafiri mzima wa afya hutazama dirishani. Mwanamke anayetokwa na damu hutazama mlango wa choo. Mkubwa wetu alichagua kiti cha karibu nao, akaweka miguuni mfuko wenye pedi, leso nyeusi na chupa ya maji ya kujitwaharishia. Kabla ya Voi alikuwa ameinuka mara tatu.

Hapo ndipo mdogo alipomuuliza kwa sauti ya chini, "Bi, na swala je? Huswali miezi yote hii?"

"Naswali, mwanangu," akajibu. "Hii iliyozidi si hedhi, ni istihadha."

Tukakumbushana kisa cha Bibi Fatima binti Abi Hubaysh, Mungu amridhie, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba damu haimkatiki, akauliza kama aiache swala. Mtume alimfahamisha kwamba damu ile yatoka katika mshipa, wala si hedhi. Aziache swala kwa kadiri ya siku zake za kawaida, kisha ajitwaharishe na aswali. Kila mmoja wetu alikuwa amekisoma kisa hicho darsani. Ndani ya treni ile tulikisikia kwa namna nyingine. Bibi yule hakuona haya kuuliza, na wala hakukemewa kwa kuuliza. Maradhi yake yakawa elimu kwa umma mzima.

Tulishuka kituo cha Nairobi mchana, baridi ikitupokea, tukaenda kwa wenyeji wetu South C. Baada ya Adhuhuri tulikunywa chai ya tangawizi na kupanga maswali ya kumpelekea daktari. Tuliyaandika katika daftari, maana mgonjwa akiketi mbele ya daktari husahau nusu ya yaliyomleta.

Asubuhi ya pili tulionana na madaktari wawili: daktari wa wanawake, na mwenzake wa radiolojia, ambaye hutibu kwa kutazama picha za ndani ya mwili. Tiba hiyo huitwa embolaizesheni. Kizazi, walitueleza, hulishwa na mishipa mikuu miwili ya damu, mmoja kulia na mmoja kushoto, na vivimbe hunyonya humo humo. Daktari huingiza mrija mwembamba katika mshipa wa pajani au wa kifundo cha mkono, akauongoza kwa eksirei hadi penye mishipa ya kizazi, kisha akamimina chembe ndogo zisizofikia milimita moja. Chembe hizo huziba njia ya damu iendayo kwenye vivimbe. Vivimbe hukosa chakula, vikanywea mwezi baada ya mwezi. Kizazi chenyewe hubaki mahali pake, kikapata damu kwa njia nyingine.

Tiba hii haikuanza jana. Mwaka 1995 daktari Jacques Ravina na wenzake wa Paris, Ufaransa, waliandika kwamba walikuwa wakiziba mishipa hiyo ili kupunguza damu kabla ya upasuaji, wakaona baadhi ya wanawake wamepata nafuu hata upasuaji hauhitajiki tena. Mwaka 2004 Condoleezza Rice, aliyekuwa ameteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alitibiwa hivyo jijini Washington, na habari yake ikatangazwa ulimwenguni. Kwa jirani zetu wa Dar es Salaam, chuo cha Muhimbili kilianza mwaka 2018 kuwafundisha madaktari wa nchi hiyo taaluma hii ya kutibu kwa picha, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Yale. Elimu yasogea karibu nasi, ingawa bado si kila mji ulio nayo.

Kisha tukafungua daftari. Swali la kwanza lilikuwa la sitara. Daktari wa radiolojia alikuwa mwanamume. Je, yaweza kufanywa bila kufunua mapaja? Alijibu kwa adabu kwamba kwa mgonjwa huyu mrija waweza kupitia kifundo cha mkono, na kwamba wauguzi wa kike watamfunika na kukaa naye muda wote. Swali la pili lilimshangaza kidogo: chembe hizo zimetengenezwa kwa nini? Akaeleza kwamba zipo za plastiki tupu, na zipo zilizochanganywa na jelatini, ambayo katika baadhi ya aina hutokana na nguruwe. Akaandika katika jalada kwamba zitumike za plastiki. Twalitaja jambo hili kwa sababu mgonjwa asipouliza, huenda hakuna atakayemwambia. Na aliyekwisha kutibiwa bila kujua, au asiyepata aina nyingine, asijitie simanzi. Amuulize mwanachuoni wake kuhusu hukumu ya dharura na dawa.

Swali la tatu lilikuwa: je, hupona kabisa? Hapa daktari hakutupamba. Wanawake wengi hupata nafuu kubwa ya damu na maumivu, alisema, lakini si wote, na vivimbe huweza kurudi. Huko Uholanzi waliwafuatilia wanawake waliotibiwa hivi, na baada ya miaka 10 takriban thuluthi mbili yao walikuwa hawakuhitaji kutolewa kizazi. Thuluthi moja waliishia kutolewa. Alitaja pia hatari zilizopo: maambukizi, na kwa waliopita miaka 45 hasa, hedhi kukoma mapema. Mkubwa wetu alisikiliza yote, akasema, "Alhamdulillahi. Leo nimeambiwa yote, nikaachiwa nichague." Akachagua.

Kwa mdogo mambo yalikwenda njia nyingine. Baada ya kutazama picha zake na kumuuliza kuhusu uzazi, daktari wa wanawake alimwambia waziwazi kwamba hangemshauri embolaizesheni. Wapo waliobeba mimba baada yake na kujifungua salama, lakini kwa anayetafuta mtoto kwanza, tiba hiyo yaweza kuathiri mayai na kuongeza hatari ya mimba kuharibika. Kwake yeye ulifaa zaidi upasuaji wa kutoa vivimbe na kukibakisha kizazi. Binti alilia. Alikuwa ameuza dhahabu yake na kusafiri kilomita 470 akikimbia kisu, na sasa kisu hicho hicho ndicho kilichomngoja. Hatukuwa na la kumwambia ila kumshika mkono. Jioni, akiwa amefuta machozi, alisema jambo ambalo tumelihifadhi: "Wangetaka pesa zangu wangenifanyia tu. Wamenirudisha kwa sababu wamenihurumia."

Siku ya tiba mkubwa aliingia chumbani asubuhi bila kulazwa usingizi mzito. Alipewa dawa ya kutuliza, akawa nusu macho. Anasema alihisi joto likipita tumboni dawa ya picha ilipotiwa, na ulimi wake haukuacha istighfari. Sisi tulikuwa nje, tukisoma Yasin. Ilichukua muda wa saa moja hivi. Alitoka akitabasamu, kifundoni bandeji ndogo tu, nasi tukadhani kazi imekwisha.

Usiku ule ulikuwa mgumu. Tumbo lilimkaza kama uchungu wa uzazi, na yeye aliyezaa mara nne asema haukuwa chini ya hapo. Wauguzi walimpa dawa kali ya maumivu kwa njia ya mshipa, akatapika, akapata homa kidogo. Kulipopambazuka maumivu yalikuwa yamelegea, na siku iliyofuata akaruhusiwa kutoka. Wanaosema kwamba tiba hii haina uchungu kwa kuwa haina kisu, hawajakesha na mgonjwa. Ni uchungu wa siku moja au mbili, na ukitayarishiwa dawa mapema hustahimilika. Lakini upo, na mwanamke astahiki kuujua kabla.

Tulikaa South C siku tisa. Mgonjwa alikuwa na uchovu mzito, akila uji na supu ya mbuzi. Tulikuwa tumeonywa kwamba homa ikipanda tena baada ya kushuka, au kukitoka uchafu wenye harufu mbaya, turudi hospitali upesi bila kungoja. Halikutokea hilo, Alhamdulillahi. Ijumaa mdogo alitaka kutoka, nasi tukampeleka Msikiti wa Jamia katikati ya jiji, ule uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye kuba tatu za rangi ya fedha na minara miwili. Pembeni kuna soko la City Market na kelele zake. Ndani pana utulivu wa zulia na feni. Upande wa wanawake ulijaa wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, na ajuza wa Kisomali na Kinubi. Mama mmoja asiyetujua, alipomwona binti amesujudu muda mrefu, alimpangusa uso kwa mtandio wake baada ya swala, hakuuliza neno. Binti alirudi nyumbani amepoa.

Miezi sita imepita sasa. Picha ya mkubwa yaonyesha uvimbe wake mkubwa umepungua karibu nusu. Hedhi yake ni siku sita, damu yake imerudi, na ngazi azipanda akiwa na kapu la soko mkononi. Bado ataangaliwa, maana hakuna aliyemwahidi milele. Mdogo alipasuliwa miezi miwili baada ya safari ile, mumewe akiwa kando yake. Mavyaa alipoelezwa maradhi yenyewe kwa utaratibu, ndiye aliyempikia uji siku arubaini. Ya mtoto yako kwa Mwenyezi Mungu.

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakukosea. Tumekutana na akina mama waliotokwa na damu miaka mitano wakidhani ndiyo hali ya uanamke, na wengine waliotolewa kizazi bila kujua kwamba palikuwa na njia ya kuuliza. Kutoa kizazi si kosa. Kwa wengine ndiyo tiba iliyo bora. Kosa ni mwanamke kuamuliwa akiwa gizani. Embolaizesheni si muujiza, wala si ya kila mmoja, na gharama yake si ndogo. Iulizwe kabla, pamoja na kama bima hugharimia. Lakini mwenye kutokwa na damu kupita kiasi astahiki kuambiwa njia zote: vidonge, upasuaji wa kutoa vivimbe, kuziba mishipa, kutoa kizazi, na pia kungoja ikiwa vivimbe havimsumbui. Aende na mumewe au dada yake, na daftari mkononi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awape madaktari wetu elimu yenye manufaa, na atupe ndimi za kuuliza kama aliyoulizia Bibi Fatima binti Abi Hubaysh. Amin.