Majina Mawili, Faili Moja

Tarehe 11 Novemba 2021, miaka kumi kamili tangu gemu ya Skyrim itoke, Bethesda walioitengeneza walitoa sasisho la kuadhimisha siku hiyo. Kwa aliyekuwa akicheza gemu kama ilivyotoka dukani, ilikuwa sherehe. Kwa sisi tuliokuwa tumeijaza nyongeza za mashabiki, ilikuwa siku ya mashaka. SkyrimSE.exe, faili inayoendesha gemu nzima, ilikuwa imejengwa upya. SKSE, programu inayobeba nyongeza nyingi nzito, hufanya kazi kwa kujua kila kitu kimekaa wapi ndani ya faili hiyo, na sasa kila kitu kilikuwa kimehama. Ndiyo maana hadi leo wapo watu wengi waliong'ang'ania toleo 1.5.97 la zamani, nami nimo.

Mpwa wangu alipokuja kwangu likizo, alitaka jipya. Alikuwa ameliona kwa rafiki zake na hakutaka jingine. Laptop ya nyumbani ni moja, diski yake ni ya GB 256, na Windows, kazi zangu na picha za familia zilishachukua sehemu kubwa. Gemu yenyewe inadai GB 12 kabla hujaweka nyongeza hata moja.

"Mjomba, si ufute lako tu? Nikiondoka utalishusha tena."

Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini anayenunua bando anajua GB 12 ni nini, na lile la zamani halirudi kwa kubofya mara moja, kwa sababu Steam hukupa toleo la leo. Nikamwambia avute kiti, tuangalie kwanza matoleo haya mawili yanatofautiana wapi.

Nilinakili toleo langu nje ya folda ya Steam, nikaiacha Steam ishushe yale tu yaliyobadilika. Kisha tukalinganisha faili moja moja kwa certutil, amri ya Windows inayosoma faili yote na kutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ikibadilika biti moja tu, mfuatano wote unakuwa mwingine. Mpwa wangu alikuwa akisoma mwanzo wa kila mstari kwa sauti, mimi nikifuata kwa kidole kwenye kioo. Mafurushi mazito, yale ya BSA yenye picha za theluji, miamba, nyuso na mavazi, pamoja na sauti za wahusika, mengi yalitoka sawasawa. Faili iliyokuwa imetugombanisha, SkyrimSE.exe, ilikuwa na makumi ya MB tu. Gemu mbili ambazo watu wanabishana juu yake miaka nenda rudi zilikuwa zimesimama juu ya dunia moja.

Basi kuna haja gani ya kuiweka dunia hiyo mara mbili? Tulifuta nakala ya pili ya Skyrim - Textures0.bsa, tukaandika amri ya mklink /H, jina tulilotaka lionekane, kisha njia ya faili iliyobaki. Windows ikajibu kwa mstari mmoja kwamba kiungo kimeundwa. Faili ikawa ina majina mawili, moja katika kila folda, na data ikabaki moja. Tukaendelea hivyo kwa kila furushi lililolingana.

Jambo hili ni la zamani kuliko Windows. Mwaka 1974, Dennis Ritchie na Ken Thompson wa Bell Labs walipoeleza mfumo wao wa Unix, waliandika wazi kwamba faili haimo ndani ya folda yoyote. Folda hubeba jina na kielekezi tu, na faili hutoweka pale jina lake la mwisho linapoondolewa. NTFS, mfumo wa faili wa Windows, inafuata utaratibu huo huo: inahesabu majina, na hesabu ikifika sifuri ndipo nafasi inaachiwa. Ni nyumba moja yenye milango miwili. Anayeingia kwa mlango wa barabarani na anayeingia kwa mlango wa uani wanakutana sebule ile ile, na kuziba mlango mmoja hakubomoi ukuta.

Milango hiyo miwili ilinifanya nimfikirie mama yake kijana huyu, dada yangu, aliyetoka Bukoba akaolewa Tanga. Wazee wa pande zote mbili walikuwa na hofu. Kwetu walisema atasahau ndizi na desturi, kule walisema hatazoea wali wa nazi na mambo yao. Kila upande ulidhani ili kimoja kiingie, kingine lazima kitoke. Yeye akaishi na kugundua kwamba kilichotofautiana ni chakula, salamu, na namna ya kufanya sherehe. Heshima kwa wakubwa, kulea mtoto wa jirani kama wako, kutomwacha mgonjwa peke yake: hayo aliyakuta Tanga kama alivyoyaacha Bukoba. Nadhani tunachoka sana maishani kwa kubeba mara mbili vitu ambavyo ni kimoja, na tunafuta mengi mno kwa ajili ya tofauti ndogo ambazo hatukukaa kuzipima.

Lakini kushirikiana kuna sheria zake, na nilimweleza mpwa wangu bila kumficha. Ukiifungua faili yenye majina mawili ukaihariri humo humo, umeihariri kwa wote wawili. Mwenzako atakuta mabadiliko asiyoyajua na hataona yalikotoka. Kwa hiyo mafurushi ya pamoja tuliyawekea alama ya kusomwa tu, na nyongeza zangu zinapita kwenye Mod Organizer 2, inayoziunganisha na gemu wakati wa kucheza bila kuigusa folda ya Data. Hata macho hudanganywa: kidirisha cha sifa za folda huhesabu kila jina kama faili kamili, ukadhani hujaokoa chochote. Tazama nafasi iliyobaki kwenye diski, au uliza fsutil hardlink list ikuonyeshe majina yote ya faili moja.

Tulichokitenganisha kwa makusudi ni hifadhi za mchezo. Matoleo yote mawili huziandika kwenye folda moja ndani ya Documents, na safari ya mtu mmoja ikichanganywa na ya mwingine, wote hupotea. Mod Organizer 2 inaruhusu kila wasifu uwe na hifadhi zake, na tukaitumia. Hifadhi ni ndogo. Kinachostahili kuwa cha mtu peke yake mara nyingi ni kidogo, na hicho kilindwe kwelikweli.

Sasa kijana anataka na Skyrim ya mwaka 2011, ile ya kwanza kabisa. Hiyo inadai GB 6 zake yenyewe, na mafurushi yake yamefungwa kwa muundo tofauti na wa toleo la 2016, ambalo haya yetu mawili yametokana nalo, kwa hiyo hayaunganiki na haya tuliyonayo. Nimemwambia isubiri tununue diski ya pili.