Kaletewa zawadi ya mbwa, jamaa akaingia mitini

Kuna dada mmoja wa Tabata aliletewa zawadi ya bethidei ambayo hakuiomba: mtoto wa mbwa wa miezi miwili, ndani ya boksi, kafungwa utepe mwekundu. Picha zikarushwa Insta, laiki zikamwagika. Wiki tatu baadaye mleta zawadi akaingia mitini. Simu hapokei, meseji zinasoma tiki mbili za bluu, kimya. Mbwa yeye hakwenda popote.

Na kumbe mbwa wa kwenye picha sio mbwa wa ndani. Huyu anakojoa kwenye zulia, anatafuna chaja, usiku analia kama kichanga. Nyumba yenyewe ya kupanga, uani wanashea watu wanne. Mama mwenye nyumba akatoa kauli: mwisho wa mwezi achague, mbwa au chumba.

Basi dada akirudi kazini akakuta mkojo, ni kandambili. Anamburuta, anamsukumia pua palepale, anachapa. Ukweli usemwe, majirani wote walijua aliyekuwa anachapwa pale ni nani, na sio mbwa. Matokeo yake kijibwa kikaanza kukojoa chini ya kitanda, kwa kujificha. Kikisikia funguo tu, kinatetemeka.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo akamuuliza, "Dada, huyu anafungiwa ndani masaa mangapi?"

Tisa.

Mbwa wa miezi mitatu hawezi kubana mkojo masaa tisa, hata umchape na mwiko. Matatu tu kwake ni mengi. Na ukimpiga jioni kwa kosa la mchana haelewi, anachojua ni kwamba ukirudi wewe, kinanuka. Akiamka, akila, akimaliza kucheza, mtoe nje, sehemu ileile. Akijisaidia, msifie hapohapo na umpe dagaa.

Mchana nani amtoe sasa? Ilikuwa likizo ya Juni, akapatikana mjukuu wa mama mwenye nyumba, mshahara wake ubuyu. Wiki ya kwanza hakuna kitu, mpaka kochi lilikojolewa. Wiki ya pili, saa tano usiku, kijibwa kikaenda chenyewe mlangoni, kikaanza kulialia. Dada katoka na kanga yake, tochi ya simu mkononi, anasifia mkojo huku machozi yanamtoka.

Siku chache baadaye alifungua mlango jioni, kikaja mbio, mkia unatikisika. Hakikujificha.

Mwisho wa mwezi ukafika, mama mwenye nyumba akaulizia kodi tu. Siku hizi yeye ndiye anapiga kelele dirishani, "We mtoto, mbwa kaamka, mtoe!"

Juzi ikaingia meseji: "Mambo. Mbwa wangu anaendeleaje? Jumapili nakuja kumchukua."

Dada kaisoma. Tiki mbili za bluu, kimya.